Ufunguo Kwanza, Faini Baadaye

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wananchi wa mtaa wetu, nasi tumeombwa tuyachapishe.)



Tumesimama mbele yenu kusema juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, lakini ni wachache wanaolitamka hadharani. Ni habari ya mtu aliyelewa akashika usukani, na ya askari polisi anayekutana naye njiani. Wengi husema kosa ni la mlevi peke yake. Sisi tunasema hivi: mlevi ana kosa lake, lakini amri anayopewa askari, na jinsi anavyoitimiza, ndiyo huamua kama sisi wengine tutafika majumbani kwetu salama.

Tuanze na tuliloliona kwa macho yetu. Usiku wa Jumamosi moja, katika mji ambao hatutautaja, basi dogo tulilopanda lilisimamishwa na askari wa barabarani. Mbele yetu palikuwa na gari dogo. Dereva wake alishuka, akajishika mlangoni asianguke. Alipoulizwa akacheka, na maneno yakamgongana mdomoni. Hapakuwa na haja ya daktari kutuambia kuwa mtu yule amelewa. Wakasogea pembeni, wakazungumza, karatasi ikaandikwa. Kisha mtu yule akarudi garini, akawasha moto, akaondoka huku gari likiyumba katikati ya barabara. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu akauliza, "Je, amekwisha kulipa, sasa ameruhusiwa kuua?" Basi zima likanyamaza.

Swali la mama yule ndilo lililotuleta hapa leo.

Ndugu zangu, sheria tunayo. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamkataza mtu kuendesha gari akiwa amelewa, na imeweka kipimo: pombe katika damu isizidi miligramu 80 kwa kila mililita 100. Lakini faini, hata ikiwa halali na stakabadhi ikatolewa, haimtoi mtu pombe mwilini. Mwili huhitaji saa mbili hivi au zaidi kumaliza pombe iliyomo katika chupa moja kubwa ya bia. Aliyekunywa chupa tano jioni bado analo deni alfajiri. Kahawa kali haimsaidii, wala ndimu, wala maji baridi ya kichwani. Basi mtu aliyetozwa faini saa nne usiku na kuachwa aendelee na safari, ni mlevi yule yule, ila mfuko wake umepungua.

Na gari halingoji akili irudi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Mwenye akili timamu akimwona mtoto barabarani, gari hukimbia mita hizo na zaidi kabla mguu wake haujakanyaga breki. Aliyelewa huchelewa kuliko huyo. Huo ndio umbali unaomtenganisha mtoto na kaburi.

Wako wanaosema dawa ni ukali: mlevi asiposimama afukuzwe mpaka akamatwe, liwalo na liwe. Hao nao tunawaomba wafikiri. Mlevi akiona taa za polisi nyuma yake huongeza mwendo. Sasa badala ya gari moja la hatari yako mawili, na njia ni ile ile yenye waenda kwa miguu, bodaboda, mikokoteni na mama anayeuza ndizi chini ya kibatari. Askari akishinda mbio hizo lakini mama wa ndizi akafa, ameshinda nini?

Jambo hili limewasumbua hata wenye magari mengi kuliko sisi. Katika jimbo la Washington, nchini Marekani, mwaka 2021 ilipitishwa sheria ya kuwabana polisi wasifukuze magari ila kwa makosa machache makubwa. Hata hivyo dereva anayeshukiwa kulewa hakuondolewa katika orodha ya wanaoweza kufukuzwa, kwa kuwa hatari yake iko pale pale barabarani, wala si jambo lililokwisha kutendeka. Mwaka 2024 sheria ikalegezwa, polisi wakaruhusiwa tena kufukuza kwa makosa mengi zaidi. Wenzetu wale walivutana miaka mitatu, na hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito: anayeachwa aende anaweza kuua, na anayefukuzwa anaweza kuua.

Basi tufanyeje? Sisi tunasema njia iliyo bora ni kumkamata mlevi kabla mbio hazijaanza. Na hapa yako mafunzo ya kweli.

Uingereza iliweka kipimo cha miligramu 80 kwa sheria ya mwaka 1967, na polisi wakaanza kupima pumzi za madereva mwezi Oktoba mwaka huo. Mwaka 1966 watu 7,985 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi ile. Mwaka 1968 walikufa 6,810. Lakini madereva walipotambua kwamba ni nadra mtu kusimamishwa, hofu ikapungua, na vifo vikaanza kupanda tena. Sheria ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni mkono wa kuitekeleza. Huko Australia, jimbo la New South Wales liliwapa polisi ruhusa tangu Desemba 1982 kumsimamisha dereva ye yote na kumpima, awe mkubwa au mdogo, awe anashukiwa au hashukiwi. Mwaka uliofuata vifo vya barabarani vilipungua kwa sehemu moja ya tano hivi. Mtu anayejua kwamba huenda akapimwa njiani huacha gari nyumbani kabla hajaenda kunywa.

Jirani zetu wa Kenya wametupa funzo jingine. Walitunga kanuni za kipimo cha pumzi mwaka 2011, na tangu Desemba 2013 kifaa kile, ambacho watu wamekiita alkoblo, kikaonekana usiku karibu na mabaa. Walevi wakaanza kukodi teksi. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya huko iliona kwamba kanuni zile hazikupatana na sheria mama. Sheria mama ilisema kosa ni kulewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zikasema kosa ni kupita kipimo. Mahakama haikusema kwamba mlevi aendeshe. Ilisema kwamba mtu asihukumiwe kwa kosa ambalo sheria haikulitaja. Nasi tunasema mahakama ile ilikuwa na haki ya kusema hivyo, maana polisi wasiofungwa na sheria ni hatari vile vile. Funzo ni hili: anayetaka kuwalinda watu na aandike sheria yake sawasawa tangu mwanzo, asiwaachie mlango wazi wenye mawakili.

Sasa, ndugu Mwenyekiti, tuseme tunachokitaka.

Kwanza, amri ya askari wa barabarani iwe moja nayo ifahamike kwa kila mtu: mlevi akisimamishwa, gari lisiondoke mikononi mwake. Ufunguo uchukuliwe. Gari liendeshwe na mtu mwingine aliye mzima, au libaki kituoni mpaka mwenyewe apate fahamu. Habari ya faini na mahakama ifuate baadaye. Askari aulizwe mlevi yule aliondokaje, wala asisifiwe kwa hesabu ya fedha alizokusanya.

Pili, vizuizi viwekwe pale ulevi unapotoka, karibu na mabaa na vilabu, katika usiku wa mwisho wa wiki na wa sikukuu, penye taa na penye nafasi ya kusimama. Siyo kwenye kona yenye giza, ambako askari hujitupa mbele ya gari kwa mkono mtupu, naye ana mke na watoto wanaomngoja.

Tatu, anayekimbia asifukuzwe ovyo. Nambari ya gari isomwe, simu ipigwe mbele, njia ya mbele iandaliwe, na wapita njia waondolewe. Kufukuza kuwe neno la mwisho, kwa amri ya mkubwa wa zamu atakayejibu kwa jina lake.

Nne, sheria isiulize mtu ni nani. Sote tumewahi kumsikia yule anayeshusha kioo na kusema, "Wanijua mimi?" Kisha simu hupigwa, na askari mdogo hubaki akitetemeka. Tunasema askari anayemnyang'anya mkubwa ufunguo apewe ulinzi na sifa, na mkubwa aliyepiga simu aulizwe. Damu ya mchukuzi na damu ya mkurugenzi, zikimwagika katika lami, rangi yake ni moja.

Tano, sisi wenyewe tusijitoe. Konda anamjua dereva wake amekunywa. Mwenye baa anamwona mteja akitafuta ufunguo mfukoni mara tatu. Abiria hunong'ona badala ya kusema. Na yule anayemtilia askari noti mkononi, asije kesho kulalamika kwamba polisi wameoza. Yeye ndiye aliyewaozesha.

Ndugu zangu, tuna msemo tunaoupenda mno: ajali haina kinga. Maneno hayo hufaa kumfariji mfiwa, lakini hayafai kuwa amri ya kazi. Tairi likipasuka ghafula, hiyo ni ajali. Mtu aliyekunywa kutwa nzima, akasimamishwa, akaonekana, akaachiwa, akaua, hiyo tusiiite ajali. Shirika la Afya Duniani limesema watu milioni 1.19 hivi hufa barabarani duniani kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waenda kwa miguu na wapandao baiskeli na pikipiki. Ni sisi hao. Ni watoto wetu wanaovuka kwenda shule.

Mama yule wa ndani ya basi hakujibiwa usiku ule. Tunataka siku atakapouliza tena, askari aweze kunyosha mkono, aufungue, na kumwonyesha ufunguo.