Kusoma Pamoja: Hotuba ya Karani Mbele ya Mkutano wa Mwaka



Tumeamriwa kueleza kazi ya kusoma iliyofanywa na chama mwaka huu hapa Garissa.

Tulichagua kitabu kimoja, Close Sesame, alichokitoa Nuruddin Farah, mzaliwa wa Baidoa, mwaka 1983. Ni habari ya Mzee Deeriye, mcha Mungu, ambaye zamani alifungwa na Waitaliano kwa kukataa kumtoa mtu waliyemtaka. Uzeeni akamwona mwanawe akiingia katika njama ya kumwondoa Jenerali mtawala. Wasomaji wengi waliiona humo sura ya Siad Barre, aliyeitwaa Somalia mwaka 1969 na kuangushwa Januari 1991.

Kitabu ni cha Kiingereza. Kwa hiyo vijana walisoma baada ya sala ya magharibi, wakaeleza kwa Kisomali, na wazee wakawasahihisha walipokosea mambo ya ukoo na heshima.

Wako wanachama waliohofu kwamba mambo ya majenerali yatatuletea taabu. Hatuwalaumu. Mkoa huu ulikaa chini ya sheria za hatari tangu 1963 hadi 1991, na Bulla Karatasi ya 1980 na Wagalla ya 1984 hazijasahauliwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lakini jioni tuliposoma jinsi Deeriye alivyokataa, mama mmoja mzee, ambaye siku zote alikaa kimya, alianza kusimulia yaliyowapata watu wa nyumbani kwake. Kitabu kilifungwa, tukamsikiliza hadi isha.

Tulihitilafiana pia. Mwishoni Deeriye mwenyewe alishika bastola, akafa pasipo kufaulu. Vijana walimwita shujaa. Wazee kadhaa waliuliza ni nani atakayewalea wajukuu wake. Shauri hilo hatukulimaliza.

Sasa tunaleta ombi. Tangu 1996 maktaba ya ngamia ilianza kutoka Garissa kuwapelekea vitabu watu walio mbali na barabara. Ya wazee wetu hayamo katika vitabu hivyo. Tunaomba chama kinunue madaftari, na kila kijana anayejua kuandika akae na mzee mmoja, aandike asimuliayo, kwa idhini yake. Yule mama amekwisha kukubali kuwa wa kwanza.