Ununuzi wa Bunduki Zilizotumika kwa Njia ya Posta Nchini Marekani

Anayenunua bunduki iliyotumika kwa njia ya posta hulipia kitu ambacho hajakishika wala kukitia machoni. Nchini Marekani biashara hiyo ilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ulaya yalipoanza kuuza silaha za zamani zilizojaa maghalani. Wafanyabiashara walizinunua kwa shehena na kuzitangaza kwenye majarida pamoja na kuponi. Mteja aliikata, akaijaza, akaituma na hawala ya posta, kisha akasubiri mzigo.

Oda inayojulikana kuliko zote ni ya Machi 1963. Kuponi ilitoka kwenye toleo la Februari la jarida la American Rifleman, ikatumwa kwa duka la Klein's Sporting Goods la Chicago kwa jina la A. Hidell. Bunduki ilikuwa Carcano ya Kiitalia ya milimita 6.5, iliyotengenezwa Terni mwaka 1940. Bei ilikuwa dola 19.95 pamoja na darubini, na usafirishaji dola 1.50. Ilipelekwa Sanduku la Posta 2915, Dallas. Hidell huyo ni Lee Harvey Oswald, na Tume ya Warren ilihitimisha kwamba bunduki hiyo ndiyo iliyomuua Rais John F. Kennedy.

Wengi hukumbuka jina la uongo. Kwa mnunuzi, hata hivyo, kuna mambo mawili madogo yenye uzito zaidi. Tangazo lilinadi bunduki ya inchi 36, ila iliyofika ilikuwa na inchi 40 na ushei. Pia wataalamu wa jeshi walipoijaribu baadaye, walilazimika kuchomeka vipande vyembamba vya chuma chini ya darubini ndipo ilenge sawasawa. Mteja aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tangazo huficha mengi hata pale muuzaji anaposema kweli. Kwa madaraja ya ubora ya chama cha wenye bunduki cha NRA, silaha huitwa “nzuri” hata ikiwa na vishimo vya kutu, mradi visizuie utendaji wake. Kutu mbaya zaidi hukaa ndani ya mtutu. Risasi nyingi za kijeshi za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevunyevu, na askari asiyesafisha mtutu wake kwa maji aliuacha uliwe polepole. Picha ya kitako kilichong'arishwa haionyeshi hilo. Haionyeshi pia nafasi iliyopo kati ya kitasa na risasi ikiwa ndani ya chemba. Nafasi hiyo ikizidi, ganda laweza kupasuka na gesi ya moto kumrudia mpigaji usoni. Fundi huipima kwa vipimo maalumu, hasa pale namba ya kitasa isipolingana na ya mtutu, dalili kwamba vilitoka kwenye bunduki mbili tofauti. Baadhi ya wauzaji huongeza dola kadhaa ili wamchagulie mteja iliyo afadhali. Kwa maneno mengine, asiyeongeza huletewa yoyote.

Sheria ya mwaka 1927 ilikataza kutuma bastola kwa posta, lakini haikuyagusa makampuni binafsi ya usafirishaji. Seneta Thomas Dodd alihangaikia kuziba pengo hilo tangu kabla ya kifo cha Kennedy. Ilichukua mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy ndipo Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Udhibiti wa Silaha, tarehe 22 Oktoba 1968. Tangu hapo bunduki inayovuka mpaka wa jimbo hupelekwa kwa muuzaji mwenye leseni aliye karibu na mnunuzi. Silaha zilizotengenezwa kabla ya 1899 hazihusiki, na wakusanyaji wenye leseni huweza kuletewa moja kwa moja silaha zilizotimiza miaka 50.

Lengo lilikuwa serikali imjue mnunuzi. Manufaa ambayo huenda hayakukusudiwa ni kwamba mnunuzi naye akapata kaunta ya kuikagulia bunduki kabla haijawa yake. Hutoa kitasa, humulika mtutu kwa tochi ndogo upande mmoja na kuchungulia upande wa pili, hulinganisha namba. Wauzaji wengi humpa siku tatu za kuikataa, kwa sharti moja: asiwe ameifyatua hata mara moja.