Kuchagua Matairi ya Gari la Chama Ipokosekanapo Namba Yake



Katika vyama vingi vya msingi gari ni moja tu, nalo ni pikapu. Hiyo ndiyo ichukuayo mbolea wakati wa kupanda, mazao wakati wa mavuno, na pengine mgonjwa usiku wa manane. Matairi yake yanapokwisha, Bodi hupitisha fedha, na katibu huenda mjini na karatasi iliyoandikwa “matairi manne ya pikapu”. Dukani huambiwa kuwa namba ile haipo, ila ipo nyingine inayokaribiana nayo, tena kwa bei nafuu. Hapo katibu hana budi kuamua peke yake, akiwa amesimama mbele ya kaunta, jambo litakalogusa mfuko wa chama, usalama wa watu na, ijapokuwa wachache hulifikiria, jina la dereva.

Shida hii haikuzuka bure. Kiwanda cha matairi cha Arusha, kilichoanza uzalishaji mwaka 1971, kilisimama kabla ya mwaka 2010. Tangu hapo matairi yaliyomo madukani hutoka ng’ambo, na namba zipatikanazo hutegemea alichoagiza mwagizaji. Kwa hiyo kubadili namba si kosa. Kosa ni kubadili bila kupiga hesabu.

Na ichukuliwe mfano wa pikapu iliyotoka kiwandani na matairi ya 225/70R15C 112/110R. Tarakimu 225 ni upana wa tairi kwa milimita. Tarakimu 70 si milimita, bali ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana ule. R ya kwanza huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na C huonyesha kuwa ni tairi la gari la mizigo mepesi. Namba 112/110 hueleza uzito, nayo itarejewa hapa chini. Herufi ya mwisho ni ya mwendo. R hapo ni kilometa 170 kwa saa, mwendo ambao hakuna pikapu ya chama yenye haja nao.

Kipenyo cha tairi zima hupatikana kwa hesabu ya darasani. Asilimia 70 ya 225 ni 157.5. Kwa kuwa ubavu uko juu na chini ya ringi, zidisha kwa mbili, upate 315. Ringi ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 696. Mwenye duka akitoa 215/75R15, hesabu ile ile huleta milimita 703.5, yaani imezidi kwa asilimia 1 hivi. Akitoa 235/75R15, kipenyo ni milimita 733.5, zaidi ya asilimia 5. Mafundi wengi huchukua asilimia 3 kuwa ndio mpaka wa tofauti inayovumilika. Wala tofauti ndogo isimtishe mtu: tairi jipya lenye kashata za milimita 8, likilika hadi kubaki milimita 2, hupungua kipenyo kwa milimita 12, nayo ni karibu asilimia 2.

Kwa hesabu hiyo peke yake katibu angelichukua lile la 215/75R15, akarudi nyumbani ameridhika. Kumbe hilo ndilo la hatari.

Namba ya uzito ina jedwali lake linalotumika duniani kote. 112 maana yake kilo 1,120 kwa kila tairi likifungwa moja moja; 110, yaani kilo 1,060, ni kwa matairi yaliyofungwa mawili mawili upande mmoja kama ya lori. Sasa matairi mengi ya 215/75R15 yauzwayo kwa magari ya abiria huwa na namba 100, yaani kilo 800. Matairi mawili ya nyuma ya kiwandani hubeba kilo 2,240. Haya mawili hubeba kilo 1,600. Sehemu ya nyuma ya pikapu tupu huweza kuwa na kilo 700. Ikipakiwa mifuko 20 ya mbolea ya kilo 50, imeongezeka tani moja, ambayo karibu yote hulala nyuma. Jumla imekwisha kupita uwezo wa matairi kabla hajapanda mtu hata mmoja juu ya mifuko, nao hupanda.

Tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo. Ubavu wake hukunjika kupita kiasi kila linapozunguka, joto hupanda ndani, na nyuzi huachana na mpira polepole. Hupasuka siku nyingine, kwenye mteremko, wakati wa jua kali. Kuongeza upepo si dawa, maana tairi la gari la abiria halikuundwa kushika upepo mwingi kama wa tairi la C. Kwa sababu hiyo namba ya uzito isishushwe kamwe chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibao cha mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, hata bei iwe nafuu namna gani.

Ama lile kubwa, 235/75R15, madereva hulipenda kwa kuwa huinua gari kwenye matope. Lakini huliinua kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, yaani chini ya sentimita 2. Kwa faida hiyo ndogo gari huwa zito kupanda mlima likiwa na shehena, na tairi laweza kukwaruza bodi likikata kona kwenye mashimo. Tena kipimo cha mwendo hudanganya: kikionyesha 80, gari liko kwenye 84.

Kipimo cha kilometa nacho hudanganya vivyo hivyo, na hapa ndipo dereva anapoponzwa. Tuseme gari hutumia lita 100 kwa kilometa 1,000. Kwa matairi haya makubwa, likienda kilometa 1,000 za kweli, kipimo kitaandika 949 tu. Baada ya kilometa 10,000 daftari la safari litapungukiwa na kilometa zipatazo 510, ambazo ni lita 51 za mafuta. Mkaguzi atauliza, Bodi itamtazama dereva, na dereva hatakuwa na jibu, maana hakuna tone lililoibwa. Kinyume chake, matairi madogo ya 205/70R15C huandika kilometa zisizokwendwa, na dereva asiye mwaminifu hupata nafasi ambayo hakuna mkaguzi atakayeiona.

Kwa pikapu yenye kuvuta magurudumu yote manne, matairi yote yawe ya namba moja. Kununua mawili makubwa ya nyuma na kuacha ya zamani mbele ni kuvunja gia za mgawanyo pindi dereva anapoziunga kwenye barabara kavu.

Neno “majira yote” liandikwalo kwenye matairi lilitungwa katika nchi zenye baridi. Alama M+S ni ya matope na theluji, na ni tamko la mtengenezaji mwenyewe. Mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ni alama ya jaribio la theluji. Aghalabu mpira wake ni laini, na huku kwenye lami ya moto utalika upesi. Mwenye barabara ya changarawe na masika atazame kina cha kashata na ugumu wa ubavu.

Atazame pia umri. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni juma na mwaka: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na liondolewe likifika kumi hata kama kashata bado zipo.

Muhtasari wa Bodi basi uandike namba kamili, pamoja na namba nyingine moja au mbili zinazokubalika na uzito wa chini unaoruhusiwa, ili katibu aende mjini na maamuzi mkononi. Kabla ya kufungua matairi ya zamani, tairi moja litiwe alama ya chaki, gari lisukumwe mzunguko mmoja kwenye sakafu tambarare, na urefu upimwe kwa futi kamba. Jipya lipimwe hivyo hivyo. Vipimo vyote viwili, tarehe, na kilometa zilizosomeka siku hiyo viandikwe katika daftari la safari, na dereva na katibu watie sahihi.