Neema na Mitihani ya Kukaa Visiwani
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, Maskat)



Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, mashangazi na maami, ndugu zangu mliotoka Dubai, London na Toronto, wenyeji wetu wa hapa Maskat, na nyinyi vijana ambao Kiswahili mnakisikia zaidi kuliko mnavyokisema: nimepewa nusu saa nizungumze juu ya maisha ya Zanzibar ya leo, na katibu amenisihi nisiyafanye mazungumzo haya kuwa hotuba ya siasa. Nitajitahidi. Lakini mtu anayekaa Unguja hawezi kueleza bei ya samaki bila ya kuigusa siasa, basi mtanistahamilia.

Sababu ya kuitwa kwangu mnaijua. Iko nyumba ya wazee wetu Mji Mkongwe, iko barua ya mwekezaji anayetaka kuikodi yote aigeuze hoteli, na wako warithi arubaini na watatu waliotawanyika katika nchi tano. Tangu barua ile ifike, simu yangu haipumziki, na wengi wenu mmeniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: je, kwetu kunakalika? Anayeuliza kama tuikodishe nyumba anauliza hilo, na anayeuliza kama mwanawe aende akafungue biashara Paje anauliza hilo hilo.

Ama kuhusu neema, hapana shaka ziko. Wengi wenu mliondoka wakati visiwa vinaishi kwa karafuu, na wale waliobaki wanaikumbuka miaka ya 1980, bei ya karafuu ilipoporomoka na duka likawa na rafu tu. Leo mambo ni mengine. Katika mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya 700,000, katika visiwa ambavyo kwa hesabu ya sensa ya 2022 vina wakaazi wasiofika milioni mbili. Ndege zinatua moja kwa moja kutoka Ghuba na Ulaya. Kijana wa Nungwi au Kiwengwa ambaye hakumaliza skuli anazungumza Kitaliana kwa ufasaha unaoshangaza, kakipata pwani bila ya mwalimu. Fundi wa kuchonga milango anazo kazi za miezi mbele. Wanawake wanaouza viungo, sabuni za mwani na kanga zilizoshonwa mikoba wanasomesha watoto kwa pesa hizo, na mimi nawajua kwa macho yangu. Mji Mkongwe wenyewe, ulioingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000, una nyumba kadhaa ambazo lau si wageni zingekuwa zimeshakuwa vifusi.

Kuna neema nyingine isiyohesabiwa kwa dola. Ukikaa kwetu, adhana unaisikia kutoka misikiti mitano kwa pamoja, jirani anakuletea sahani ya futari bila ya kuulizwa, na maiti hazikwi na watu wanne. Nyinyi mnaokaa katika miji ambayo jirani hujulikani jina mnalijua pengo lake kuliko mimi.

Sasa nije kwenye mitihani, na nitaanza na maji, kwa kuwa juu ya maji watu wa nje hawaulizi. Shirika moja la Uingereza liitwalo Tourism Concern lilitoa utafiti mwaka 2012 juu ya vijiji vya pwani ya Unguja, Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya nzima ya kijijini ilikuwa ikitumia kiasi cha lita 93 kwa siku. Chumba kimoja tu cha hoteli ya daraja la juu kilikuwa kikitumia zaidi ya lita 3,000. Hoteli huchimba kisima chake, na huku pwani ya mawe ya matumbawe maji matamu ni tabaka jembamba lililoelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa nguvu, chumvi inapanda, na kisima cha kijiji ndicho kinachokuwa cha kwanza kuharibika.

Ardhi nayo ina kisa chake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya Serikali, na sheria ya 1992 ikalithibitisha jambo hilo. Kwa hivyo mwanakijiji anayehamishwa ili hoteli ijengwe aghalabu halipwi thamani ya ufukwe. Analipwa minazi yake na mazao yake kwa hesabu. Minazi inalipwa mara moja, na ufukwe unazaa kila siku. Wanawake wa Paje na Jambiani walioanza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980 wanajikuta wanagombea kina kile kile cha maji na wageni wanaoteleza kwa matanga, na juu ya hayo bahari imepata joto na mwani haushiki kama zamani.

Kazi za hoteli zipo, lakini kijana wetu anapofika anakuta Mkenya na mtu wa Bara wameshakaa, wenye vyeti na Kiingereza cha mezani. Chuo cha utalii kipo Maruhubi. Wazazi wetu wengi bado wanaona haya kumpeleka mtoto wa kike akajifunze kazi ya hoteli, kisha wanalalamika kuwa kazi zimechukuliwa na wageni. Mimi siafikiani na lawama hiyo hata kidogo. Asiyepata kazi anakuwa papasi, anazunguka Forodhani na Shangani akiwaandama watalii, na papasi mmoja mwenye ulimi mrefu anaweza kuiharibia jina mitaa mitatu. Hali kadhalika samaki: pweza mzuri na changu mkubwa huchukuliwa na hoteli tangu dau halijafunga, na kinachobaki sokoni kinauzwa kwa bei ya mgeni.

Katibu ananitazama, lakini hapa ndipo pa siasa.

Mwaka 1992 vyama vingi vilirudi, na mwaka 1995 tukapiga kura. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dakta Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Zingatieni hesabu hiyo, kwani ndiyo sura yetu: nchi iliyogawika katikati kabisa, kila nusu ikiamini nchi ni yake. Mgawanyiko ule haukubaki kwenye karatasi za kura. Pemba watu waligomeana maduka, wakagomeana harusi, wakafika kugomeana maziko. Katika ukoo wetu ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, hawakusemezana miaka sita. Sitawataja, mnawajua, na wote wawili wameshatangulia mbele ya haki.

Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, wakafa watu zaidi ya 30, wengi wao Pemba, na karibu watu 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Wako kati yenu humu ukumbini ambao safari yao ya kuja huku ilianzia Shimoni. Oktoba mwaka ule ule vyama vikatia saini muafaka. Ikaja kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo asilimia 66 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na mimi nasema wazi kuwa miaka ile mitano iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi Unguja tangu nipate akili. Watu walitembeleana. Nyumba za wageni zilijaa, na barazani mtu alisema alitakalo.

Kisha Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akaufuta uchaguzi matokeo yakiwa bado yanatangazwa. Uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, CUF wakasusa, na mwezi huo huo shirika la Marekani la MCC likausimamisha mpango wa msaada wa dola milioni 472 uliokuwa uje Tanzania. Ndio wakati tulipojifunza neno "mazombi", watu waliofunika nyuso waliokuwa wakipita usiku wakipiga raia. Mwaka 2020 damu ikamwagika tena Pemba wakati wa uchaguzi; Maalim Seif, aliyekuwa ameshahamia ACT-Wazalendo, akakubali Disemba ile kuingia tena serikalini kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na akafariki Februari 2021. Uchaguzi wa Oktoba 2025 mnaukumbuka nyote, kwani intaneti ilifungwa nchini na mkakaa siku kadhaa hamjui nani mzima nani si mzima.

Yote haya yanaihusu nyumba namna gani? Yanaihusu hivi. Kila baada ya miaka mitano, kuanzia Agosti, biashara ya mgeni huingia homa. Balozi zinatoa tahadhari, walioagiza vyumba wanavunja, mwenye hoteli anapunguza wafanyakazi, na wa kwanza kupunguzwa ni mpishi na mfagizi. Mtalii ana pahala pengine pa kwenda, Mauritius au Maldives, sisi hatuna. Na la ajabu ni kuwa mtalii aliyelala Kendwa usiku wa vurugu huenda asijue kama kulikuwa na jambo. Anaamka, bahari ni ile ile ya buluu, anakunywa chai. Maili thelathini kutoka hapo watu wanazika. Nimekaa na hali hizo mbili muda mrefu na bado sijazizoea.

Tena yako mambo ya kila siku. Ukitaka kitambulisho cha Mzanzibari, ukitaka kibali cha kuezeka, ukitaka mtoto apate kazi, watu wanaulizana kwanza: wewe ni wa wapi, Unguja au Pemba, na unakaa maskani gani? Mimi mwenyewe karatasi zangu zilikaa katika ofisi moja miezi kumi na moja, na kila nilipokwenda niliambiwa mkubwa hayupo. Sikuambiwa sababu, na sikuhitaji kuambiwa.

Sasa nyumba. Nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kama nyingi katika majengo kiasi cha 1,700 ya Mji Mkongwe. Nyumba ya namna hiyo huuawa na maji ya mvua yanayopenya juu, na huuawa upesi zaidi na saruji, maana saruji huzuia ukuta usipumue. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja mchana wa tarehe 25 Disemba 2020 wakati inakarabatiwa, na mafundi wawili wakafa. Yetu ina ufa upande wa kaskazini, na vyumba viwili vya juu vimeachwa kwa kuwa sakafu imelegea.

Mwekezaji anataka nyumba nzima kwa miaka thelathini na tatu. Kodi yake ni nzuri, sitaki kuificha. Lakini igawe kwa warithi arubaini na watatu, kila mmoja kwa fungu lake la mirathi, na mtaona kuwa wengi hawatapata nauli ya kuja kuitazama. Bi mkubwa wetu anayekaa humo, mwenye umri wa miaka themanini na moja, atahamishiwa Fuoni. Na ukoo huu, ambao nusu yake ni kijani na nusu yake ilikuwa ya CUF na sasa ni ya ACT, utakuwa umebakiwa na pahala pangapi ambapo nusu mbili zile hukaa mkeka mmoja? Mimi napajua hapo tu. Siku ya Idi, mwaka wowote ule, hata mwaka 2001, chakula kililiwa kwenye ukumbi ule.

Rai yangu, na ni rai tu, ni kuwa tuukodishe ukumbi wa chini na duka la mbele kwa biashara ya wageni, mkataba wa miaka mitano mitano usiozidi, ukiisha kabla ya mwaka wa uchaguzi ili mpangaji asitukimbie na deni. Ghorofa ya juu ibaki kwa ukoo. Kodi ya miaka miwili ya mwanzo isigawiwe, itie paa na boriti, kwa chokaa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Wenye pasipoti za kigeni, kumbukeni kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Hivyo majina ya kusimamia yawe ya wale waliobaki na uraia, na yawe mawili, moja la kila upande wa ukoo. Nasema la kila upande kwa makusudi. Jina moja litazua maneno kabla wino haujakauka.

Na ombi kwenu mlioko nje. Zile sauti mnazotutumia kwa simu wakati wa uchaguzi, za kutuambia tusikubali, tusimame, tujitoe muhanga: nyinyi mnazirekodi mkiwa London na Toronto, sisi tunazisikiliza mlango umefungwa kwa komeo. Tuleteeni dawa ya bi mkubwa. Tuleteeni pesa za boriti.

Mvua za masika huanza Machi, na fundi amesema paa lisipofunuliwa na kufunikwa kabla ya hapo hatalishika mpaka mwakani. Karatasi ya ridhaa ya warithi ziko nakala kumi mezani kwa katibu, na kwa wasiohudhuria zimechapwa mwishoni mwa kijitabu hiki. Inatakiwa saini ya kila mrithi na mashahidi wawili. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane atasainiwa na walii wake. Mpaka asubuhi hii zimetiwa saini kumi na saba.