Kompyuta Inayowaka Si Lazima Iwe Salama



Kompyuta nyingi katika steshenari, ofisi na nyumba zetu zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Zinawaka na zinachapa, hivyo mwenyewe huziona nzima. Leo napenda tutenganishe mambo mawili: kompyuta inayofanya kazi na kompyuta iliyo salama.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Kabla ya hapo, huduma ya Windows XP ilikoma Aprili 2014, na ya Windows 7 Januari 2020. Mashine hazikuzimika siku hizo; kilichokoma ni ukarabati. Kila programu ina nyufa ambazo wahalifu huzitafuta, na mtengenezaji huziziba kwa masasisho. Huduma ikikoma, ufa mpya hubaki wazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili yafunguliwe. Nchini Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa tangu Machi mwaka huohuo, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa.

Kwetu hapa, tafakari kompyuta moja ya steshenari. Imebeba vyeti vya kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu, nambari ya NIDA ya mama mjasiriamali, na mkataba wa kiwanja. Ikivamiwa, anayeumia kwanza ni mteja, ambaye hata hakujua kuwa mashine ile imeachwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tambua toleo ulilo nalo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter.

Pili, kama ni Windows 10, angalia katika mipangilio kama mashine inakubali Windows 11. Ikikataa, unaweza kujiandikisha kupata masasisho ya usalama ya ziada, yatakayotolewa hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Huo ni muda wa kujipanga tu.

Tatu, fikiria mfumo endeshi wa bure, kama Ubuntu au Linux Mint. Fundi anaweza kukuonyesha ukiendeshwa kutoka kwenye flashi kabla hujaamua. Hakikisha kwanza kwamba printa yako na programu unazozitegemea zitafanya kazi.

Nne, ikiwa hayo yote hayawezekani, iondoe kompyuta kwenye intaneti na uiachie kuandika na kuchapa. Benki, barua pepe na maombi ya serikali yafanyike kwenye mashine nyingine. Kumbuka kwamba flashi za wateja nazo huleta virusi. Zikague kwanza kwenye mashine yenye kinga iliyosasishwa.

Tano, weka nakala ya mafaili muhimu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.

Sita, jihadhari na programu zilizovunjwa leseni. Mara nyingi mlango wa mhalifu huwa ndani yake.

Mnunuzi, kabla ya kulipa, uliza: mashine hii inapokea masasisho hadi lini? Mteja wa steshenari, omba faili lako lifutwe mbele yako kazi ikiisha. Maswali hayo si utovu wa adabu; ni haki yako.

Kompyuta kuukuu si takataka. Ipewe kazi inayolingana na ulinzi iliyobaki nao.