Daftari la Mwili



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya afya, nasi si madaktari. Sisi ni wafanyabiashara ambao elimu yetu iliishia sekondari. Tutakayoyasema tumeyajua kwa gharama. Tunasema kwa Kiswahili ili wapishi, walinzi na wafanyakazi wa madukani, ambao wameibeba sherehe hii mabegani mwao, wasikie pamoja nasi, maana jambo hili ni lao kama lilivyo letu.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuliorithi maduka ya baba zetu tulilelewa juu ya neno hilo. Kila Diwali inapofika tunafunga vitabu vya hesabu, tunaleta vitabu vipya vibarikiwe katika Chopda Pujan, na hakuna hata mmoja wetu awezaye kulala usingizi ikiwa hajui ghalani kumebaki nini na deni ni kiasi gani. Mwili peke yake ndio tuliouacha bila daftari.

Kaka yetu mkubwa, ambaye sote tulimwita Motabhai, alikuwa bingwa wa hesabu. Bei ya kila bidhaa dukani aliijua kwa moyo, na deni la miaka kumi angeweza kulitaja bila kufungua kitabu. Presha yake hakuijua. Hakuwa mnene; nyama hakula maisha yake yote; pombe na tumbaku havikumgusa; kwa hiyo sote tulimhesabu kuwa mtu mwenye afya. Asubuhi moja, akiwa kauntani, kalamu ilimponyoka mkononi asiweze kuiokota. Kiharusi hicho hakikumfikisha siku ya tatu. Hospitalini tuliulizwa: presha yake ya kawaida ni ngapi, na sukari yake ni ngapi? Ndugu watatu tulitazamana, asiwepo hata mmoja mwenye jibu.

Mwaka uliofuata palikuwa na upimaji wa afya katika ukumbi huu huu. Tulisimama mlangoni kutwa nzima tukipanga foleni ya watu wengine. Jioni, muuguzi alipokuwa akikusanya vifaa vyake, alituuliza, "Na ninyi wazee wangu, mmepimwa na nani?" Tukaketi kwa aibu. Kati yetu watatu, wawili tulikutwa na presha ya juu, na mmoja alikuwa pia na kisukari. Hakuna aliyekuwa amehisi maumivu yoyote.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili. Huharibu moyo, ubongo, figo na macho kimyakimya, kwa miaka. Kipimo kikifika 140 kwa 90 au kuzidi, tena zaidi ya siku moja, ni lazima kumwona daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, mlango wa kurudi bado u wazi, kwa mwendo wa miguu, kwa chakula na kwa kupunguza uzito.

Sisi wenye asili ya Bara Hindi tuna sababu ya ziada. Kisukari na maradhi ya moyo hutupata tukiwa na uzito mdogo kuliko watu wa Ulaya. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kwa watu wa Asia hatari huanza kupanda tangu uwiano wa uzito na urefu unapofika 23, badala ya 25. Kiuno nacho husema: sentimita 90 kwa mwanamume wetu, 80 kwa mwanamke, ni alama ya tahadhari. Basi mwembamba asijidanganye, wala asiyekula nyama asijione salama, kwani samli, sukari ya chai na ladu si nyama.

Kwa mama zetu na dada zetu: saratani ya mlango wa kizazi huchukua miaka mingi kukua, na mabadiliko yake ya mwanzo huonekana na kutibiwa kabla hayajawa saratani. Mwanamke aliyefika miaka 30 asingoje kuumwa ndipo apimwe. Na mume anayeona haya kulitaja jambo hili nyumbani, afikirie haya ipi ni kubwa zaidi.

Wapo wanaosema, "Tukipimwa, tutaambiwa tunaumwa." Ndugu zetu, deni lisiloandikwa halifutiki kwa kutoandikwa, riba yake huongezeka tu.

Tuna maombi matatu. Kwanza, kila mwenye duka ampe kila mfanyakazi wake nusu siku kwa mwaka akapimwe, bila kukatwa mshahara. Anayefungua duka saa mbili asubuhi na kulifunga saa kumi na mbili jioni atapimwa lini, ikiwa hatukumpa sisi nafasi? Pili, anayetumia dawa za kisukari amwulize daktari wake kabla ya kufunga Ekadashi, kwani sukari yaweza kushuka kwa hatari. Tatu, kila mtu mzima awe na daftari dogo la kuandika tarehe, presha, sukari na kiuno, na mtu mmoja wa nyumbani ajue mahali linapowekwa.

Sisi ndugu watatu hupimwa wiki moja kabla ya Diwali. Vitabu vya duka vinapopelekwa mbele ya Lakshmi, Saraswati na Ganesh, daftari hilo dogo huwa kati yake. Jina la Motabhai limo katika ukurasa wa kwanza, na mbele yake hatukuandika tarakimu yoyote, kwa kuwa hatukuwa nayo. Tunawaombea ninyi nyote kurasa zilizojaa.

Jai Shri Krishna.