Mkristo na Kadi ya Chama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi kabla ya uchaguzi wa viongozi)



Tumeombwa kusema maneno machache juu ya jambo linalonong'onwa hapa tawini tangu siku ya uchaguzi ilipotangazwa. Wako watu waliopita nyumba kwa nyumba baada ya ibada ya Jumapili wakisema, "Msimwache mtu wa kanisa letu." Wako na wengine wanaosema kwamba Mkristo mwema hana kazi na chama chochote, kwa kuwa siasa ni uchafu. Yafaa mambo haya yasemwe waziwazi mkutanoni, maana neno la kunong'ona huota mizizi gizani, na likishaota ni taabu kuling'oa.

Kwanza tutoe ushahidi juu yetu wenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu, sisi tunaosema nanyi leo tulimchagua kiongozi wa wanafunzi kwa kuhesabu madhehebu. Hatukuuliza kama yule kijana ni mkweli, wala kama kazi anaiweza. Tuliuliza anasali wapi. Alishinda, nasi tukaimba. Muda si muda fedha za wanafunzi zikapungua, na daftari la mahesabu halikuonekana. Tulitaka kumwuliza, lakini tuliona haya, maana kumshitaki yeye kulikuwa kama kulishitaki kanisa letu mbele ya wengine. Tukanyamaza. Wenzetu wa madhehebu mengine wakatuona kuwa watu wa kufichiana maovu, nao walikuwa na haki kutuona hivyo. Hapo ndipo tulipojifunza ya kuwa mtu aliyechaguliwa kwa ajili ya dini ni vigumu kumwondoa kwa ajili ya wizi.

Basi tutazame mambo makubwa kuliko ya chuo. Jirani zetu wa Uganda waliyaonja haya kwa uchungu. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa bunduki pale Mengo, wote wakilitaja jina la Kristo. Kwa miaka mingi baadaye cheo cha Katikiro wa Buganda kilishikwa na Waprotestanti, ingawa Wakatoliki walikuwa wengi. Si ajabu, basi, kwamba chama cha Democratic Party kilichoanzishwa mwaka 1954 kiliwavuta Wakatoliki waliochoka kunyimwa nafasi. Kiongozi wake, Benedicto Kiwanuka, hakukubali kwamba chama chake ni cha kanisa. Lakini watu walikitania kwamba D.P. maana yake ni "Dini ya Papa." Nacho chama cha Uganda People's Congress, kilichoundwa mwaka 1960, kilipata nguvu nyingi kwa Waprotestanti. Katika vijiji vingi ilitosha kujua mtu kabatizwa wapi, ukajua kura yake itakwenda wapi.

Tusiwacheke jirani zetu. Waliodai haki ya vyeo walikuwa na sababu ya kudai. Mtu akizibiwa mlango kwa ajili ya dini yake, ataingia chama kwa ajili ya dini yake. Kwa hiyo dawa si kumwambia aliyeonewa anyamaze. Dawa ni kuufungua mlango.

Na mwisho wake ulikuwaje? Idi Amin alitwaa serikali mwaka 1971. Kiwanuka, Mkatoliki, wakati huo Jaji Mkuu, alikamatwa mahakamani mwezi Septemba 1972, akauawa. Mwezi Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwanglikana, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin barua ya kupinga mauaji. Risasi hazikuuliza nani ni wa Papa na nani ni wa Canterbury. Watu waliotenganishwa na vyama walikutana katika msiba.

Sasa tugeuke tutazame nyumbani. Mwezi Aprili 1953 wanachama wa TAA mjini Dar es Salaam walikutana kumchagua Rais wao. Wengi wao walikuwa Waislamu, watu wa mji. Mbele yao alisimama Abdulwahid Sykes, mwenzao wa mji na wa dini, na Julius Nyerere, mwalimu Mkatoliki kutoka Butiama, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa mtu mzima. Wakamchagua mwalimu. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa, na Sykes alikuwa mmoja wa waasisi wake. Hakuondoka kwenda kuunda chama chake kwa sababu ya kushindwa. Hao ni Waislamu waliotufundisha sisi Wakristo somo la uchaguzi.

Naye Nyerere, alipotakiwa mwaka 1955 achague kati ya ualimu pale Pugu na siasa, aliacha mshahara akashika siasa. Kanisa hakuliacha. Aliendelea kwenda misa maisha yake yote. Lakini hakuwaambia Wakatoliki wamfuate kwa kuwa ni Mkatoliki. Mwaka 1970 aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuupinga utaratibu unaowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona kuwa halina maana kwao. Yaani imani yake ilimpeleka kwa maskini, na maskini hana dhehebu.

Hapo ndipo tunapotaka kusimama. Hatusemi Mkristo aiache imani yake mlangoni kama mwavuli anapoingia mkutanoni. La. Aingie nayo, ila ajue kazi yake.

Imani impe sababu ya kuingia chama. Yule Msamaria wa katika Injili hakumwuliza majeruhi kabila lake wala hekalu lake. Alimfunga jeraha, akalipa gharama. Zahanati isiyo na dawa na shule isiyo na madawati ndizo majeraha ya siku hizi, nazo hazifungwi na mtu mmoja. Zahitaji watu wengi walioshikamana, na kushikamana huko ndiko chama.

Imani imfunge mikono katika chama. Mweka hazina Mkristo asiguse ada za wanachama. Katibu Mkristo asiandike uongo katika taarifa. Msemaji Mkristo asimtukane mpinzani, maana naye ni jirani.

Tena imani imwekee chama mpaka. Twasema haya tukiwa watumishi wa chama, wala hatuoni haya. Chama si Mungu. Chama kikimwagiza mwanachama aibe kura au ampige mtu kwa sababu ya maoni yake, mwanachama huyo na akatae. Atakuwa amekisaidia chama kuliko mia wanaopiga makofi. Tunataka wanachama waaminifu, na mwaminifu ni yule anayeweza kusema hapana akabaki ndani.

Ndugu zangu, Jumamosi tutapiga kura. Tunawaombeni mambo matatu. Kila mmoja ajiulize: mtu huyu akila fedha zetu, nitaweza kusimama kumwuliza? Kama jibu ni hapana kwa sababu mnasali pamoja, basi usimchague, hata kama ni mwema, mpaka moyo wako uwe huru. Pili, aliyeshindwa abaki tawini afanye kazi, kama alivyobaki Sykes. Tatu, padri, mchungaji na shehe tuwaheshimu, tuwasikilize juu ya haki na ukweli, lakini karatasi ya kura tuijaze wenyewe.

Sisi tuliokosea tukiwa chuoni tumesema tuliyoyaona. Tuliona haya siku ile tukanyamaza. Leo hatukutaka kunyamaza mara ya pili.